Kiingilio

Mboji imefika Tartu ndani ya ndoo ya rangi,
ndoo iliyoandikwa NYEUPE YA DARI,
nayo ni nyeusi ti, inanuka chai iliyosahaulika.
Leili Raudsik anaimwaga juu ya trei,
anatoa mizizi, unyoya, mguu wa mdudu,
miaka elfu nne ya majani yaliyokataa kuoza.
Kinamasi ni bahili:
ulichokidondosha hakili, hakitupi,
hakirudishi.

Shangazi yake Helgi alipanga matofali ya mboji hii
kiangazi cha mwaka sitini na saba,
akarudi jioni kidole cha pete kitupu.
Mumewe hakusema neno.
Alichukua koleo, akachimba siku tatu.
Tangu hapo kila tofali lililoingia jikoni
walilivunja kwanza, wakalipekua,
ndipo wakalitia motoni.

Leili naye anapekua. Hamwambii mtu.

Moto huzaa jivu,
na wiki iliyopita ulizaa kweli:
mpira wa bomba ulipasuka, hewa ikapenya,
asubuhi akakuta vumbi la kupuliza,
miezi miwili ya kazi isiyojaa kijiko.
Leo amebadilisha mpira, amekaza kwa spana,
amepaka maji ya sabuni kwenye viungo
akisubiri povu.
Hakuna povu. Naitrojeni inapita kimya.
Digrii mia nne. Mia tisa. Elfu moja na mia tatu.
Moto ulionyimwa hewa hauli, unafukuza:
maji, toka; moshi, toka; lami, toka.
Inabaki mifupa,
na kati ya mfupa na mfupa, nafasi.

Nafasi ndiyo kazi.
Sisi wengine tulifunzwa kuziba nyufa mapema,
yeye analipwa mshahara azilinde.
Vyumba ndani ya vyumba, vingine vimefungwa hivi
kwamba hewa yenyewe haioni mlango,
lakini sodiamu, ikisukumwa na umeme,
hujipenyeza ubavu ubavu, ikajibanza, ikalala.
Debe tupu haliachi kuvika.
Utupu huu upige mezani: haujibu.

Kisha uji. Unga mweusi, gundi, maji,
korogo la saa nzima, halafu wembe mpana
unautandaza juu ya karatasi ya alumini.
Heino anachungulia begani, anasema kuna kiputo.
Kipo kweli. Anaanza upya.
Vikishakauka anakata visahani kama vifungo vya koti
na kuviingiza kwenye kisanduku cha agoni,
ambako mikono yake ndani ya glavu nene
inakuwa ya mtu mwingine, mlevi kidogo.
Springi inaruka. Anaitafuta kwa koleo dakika kumi,
akitukana kwa sauti ya chini, kwa lugha ya mamaye.

Usiku mashine inachora mstari.
Walioingia: mia.
Waliotoka: themanini na sita.
Mara ya pili, ya tatu, ya hamsini,
waingiao ndio watokao, hesabu imekaa.
Ila wale kumi na wanne wa kwanza
wamebaki humo, na hakuna umeme wa kuwaita.
Heino huiita hasara.
Kwenye daftari lake, safu ya mwisho,
Leili anaandika *kiingilio*,
anakifuta, anakiandika tena.

Nje ni nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Opel yake inakohoa mara moja, inanyamaza.
Betri.
Anacheka peke yake hadi mvuke unamfunika uso,
anafunga mlango, anavuka daraja kwa miguu.
Mto umeganda chini yake, mweusi katikati.
Na ndani ya glavu ya sufu, bila kujua,
kidole gumba kinasugua mahali pa pete
ambayo yeye hajawahi kuivaa.